Kilichokutwa Mfukoni

Kituoni, 4 Machi

Kitinda,

Salamu zitangulie, maana najua Mama amekaa hapo pembeni anakusikiliza ukisoma, na barua isiyo na salamu ataagiza irudishwe ilikotoka. Shikamoo Mama. Mimi ni mzima, ila goti la kulia limeanza kuzeeka bila kunitaarifu. Wewe dobi wetu, wateja wanalipa au bado wanaahidi? Na Mama, macho yanaendeleaje?

Huku mvua zimeanza. Simu hazishiki kabisa, msihangaike kupiga. Gari la mahitaji likija ndipo barua huja na kuondoka. Kazi yangu ni ile ile uliyoicheka ukasema mtu mzima analipwa kwa kutembeza mnyama. Ndiyo, natembeza kakakuona. Hawa tuliowaokoa kwa wawindaji hawali sahanini. Bi Mkubwa, huyu ninayemhudumia, ukimwekea chakula anakigeuzia mgongo kama mtu aliyetukanwa. Lazima nimtoe asubuhi, nimfuate nyuma polepole hadi apate kichuguu chake, achimbe, atoe ule ulimi wake mrefu, ashibe mchwa, kisha nimrudishe kwenye kapu. Kila siku tunapita njia tofauti. Huo ndio ulinzi wetu wote, maana bunduki hatuna.

Sasa neno lenyewe. Ipo tuzo hutolewa huko mjini kila mwaka kwa watu waliochangia kuwalinda wanyama wanyonyeshao. Mwaka huu wamenichagua mimi. Katibu wa tuzo alifunga safari mwenyewe kuja kunipongeza. Ni mtu mnene, mpole, ananyonya pipi za mnanaa muda wote na kumgawia kila anayemkuta. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akawa hauachii. Mwaka jana tuzo hiyo alipewa Mrefu, yule mwenzangu wa chumbani uliyemwona kwenye picha. Mrefu amehama.

Kusema kweli sijafurahi, na sijui kwa nini. Mstari huu uruke ukimsomea Mama.

Kaka yako,
Kakakuona


Mjini, 27 Machi

Kwa Kakakuona, kaka ambaye kumwona ni kwa bahati,

Shikamoo. Mama anasema marahaba, na macho yake yanaona anachotaka kuona. Wateja wameahidi. Unaona jinsi jina nililokubandika mwaka ule ulipokosa harusi yangu linavyokufaa? Hata kazi ikaja kulifuata.

Ule mstari niliuruka. Lakini Mama si wa kuchezewa, alisikia sauti yangu ikiruka nao. "Hapo umemeza nini?" Nikamwambia mate.

Nilipofika kwenye tuzo akanisimamisha. "Wanyama gani?" Wanyonyeshao, Mama. Akacheka hadi akashika ukuta. "Mimi nimenyonyesha watano, na wewe wa mwisho uling'ang'ania titi mpaka ukawa unaliagiza kwa maneno. Mbona sijaletewa hata cheti?" Kisha akalia, kaka. Akalia kweli. Kabla pasi haijapoa mtaa mzima ulikuwa unajua. Fundi viatu wa mlango wa pili amempa pongezi kama vile ndiye yeye atakayepanda jukwaani.

Tena ameagiza meno ya bandia ili acheke vizuri kwenye picha. Yamekuja. Bila hayo sasa hatoki hata kumwaga maji. Ila akitaka kunyonya kitu chochote anayavua na kuyatia kikombeni, na juzi nusura niyamiminie chai.

Kwa hiyo uje. Hili si la kujadiliana. Macho yake yanafifia, nimelificha nimechoka, na anataka akuone umesimama mbele za watu angali anaona.

Halafu umeandika Mrefu amehama ukaweka nukta, wewe mwenye maneno kuliko redio. Amehamia wapi? Mtu aliyepewa tuzo anahamaje kimya kimya?

Kitinda wako


Kituoni, 20 Aprili

Kitinda,

Shikamoo Mama, na hongera kwa meno. Goti lipo vile vile.

Bi Mkubwa amezaa! Mtoto mmoja, magamba bado laini na meupe kama kucha za mtoto mchanga. Anapanda juu ya mkia wa mama yake na kutembezwa hivyo porini kama bwana harusi. Wakisikia kishindo, mama anajikunja duara na mtoto ndani yake. Simba akiwakuta anahangaika na lile duara, analisukuma huku na huku, mwishowe anaondoka na njaa yake. Binadamu hahangaiki kulifungua. Analiinua tu na kulitia guniani. Kinachomwokoa kwa simba ndicho kinachomponza kwetu, na hili huwa linanikosesha raha kila nikimwona anajikunja.

Wapiga picha wa tuzo walikuja na Katibu. Walitaka tupite njia ile ile asubuhi tatu mfululizo, eti mwanga wake ni mzuri. Nilikubali mbili, ya tatu nikasingizia goti. Juma lililofuata nikakuta alama za viatu kwenye njia hiyo. Hakuna mtu wa kituo anayevaa soli nene vile.

Umeuliza habari za Mrefu. Mwaka jana alipokwenda kupokea tuzo, Katibu alileta mtu wa kushika nafasi yake. Mrefu aliporudi aliambiwa wanyama wake wote wamekufa kwa homa na wameshazikwa. Aliomba aonyeshwe makaburi. Aliuliza tena, akauliza na kwa wakubwa. Baada ya hapo amehama. Viatu vyake vya mvua bado viko chini ya kitanda chake, vipya. Tuyaache hayo.

Mwambie Mama sitakuja. Tafuta maneno, wewe unayajua.

Kakakuona


Mjini, 9 Mei

Kaka,

Shikamoo. Maneno niliyatafuta sikuyaona. Nilimwambia Mama huji kwa sababu ya kazi, akasema, "Sawa. Kama mnyama amemshinda mama, basi sawa," akageukia ukutani. Siku mbili hakuvaa meno. Nimekukasirikia, na nataka ujue hivyo. Ya Mrefu nimeyasoma, yamenitia baridi, lakini kama kuna jambo liseme wazi. Ukijikunja hivyo mimi nitakufunguaje?

Sasa sikia. Katibu wa tuzo amekuja hapa kwangu! Alisema ameona anwani yetu kwenye fomu yako, akaona amuungishe dada wa mshindi. Akaleta koti lake la sherehe nilifue na kulipiga pasi. Mtu mwungwana kweli. Akaketi na Mama, akampa pipi, Mama akavua meno papo hapo bila haya. Akamrekodi kwenye simu salamu za kukuletea, na Mama akazungumza, yule yule aliyekununia juzi.

Unajua desturi yangu: kilichokutwa mfukoni kinarudi na nguo, hata kama ni njiti ya kiberiti. Mfuko wa ndani wa lile koti ulikuwa umetoboka, na kitu kimedondokea kwenye bitana. Nikafumua, nikakitoa. Sijui ni nini. Kigumu kama pembe, cha kahawia, kina michirizi, kimechongoka upande mmoja kama ukucha wa mtu mkubwa kuliko watu wote. Nikakifunga kwenye karatasi, nikakibana kifuani mwa koti kwa pini, na bitana nikaishona upya.

Alipokuja kuchukua nguo akaifungua ile karatasi, pipi ikasimama mdomoni. "Umemwonyesha nani?" Nikasema sina wa kumwonyesha, ila nitamwuliza kaka yangu, yeye ndiye anayejua vitu vya porini. Akacheka, akasema nisimsumbue mtu mwenye kazi, hicho ni kipande cha kifungo tu. Kisha akauliza gari la mahitaji hupeleka barua zenu siku gani.

Kifungo hakifanani vile, kaka. Mimi nimefua vifungo maisha yangu yote. Ni nini? Kwenye picha ulizotuma wanyama wako naona tu kama nanasi lenye mkia.

Tangu siku ile kuna gari linaegeshwa ng'ambo ya barabara. Labda ni la mteja wa fundi viatu.

Kitinda


Kituoni, 16 Mei

Kitinda,

Shikamoo Mama. Mama, umenishinda.

Barua yenu bado sijaiona mwezi huu, ila Katibu amenisikilizisha sauti ya Mama kwenye simu yake. "We Kakakuona, njoo nikuone kabla macho hayajafunga mlango." Alinichezea mara moja tu, hakuhitaji ya pili. Mnanijua. Tangu utotoni Mama akiniita siwezi kukaa, hata nikiwa juu ya mti na kosa langu mkononi.

Nitakuja. Gari la tuzo litanichukua tarehe 30. Mtu wa kushika nafasi yangu ameshafika. Nilimtoa na Bi Mkubwa porini ajifunze kazi. Hakuniuliza anakula nini. Aliuliza ana uzito gani.

Najiambia ni maswali ya mgeni tu. Kitinda, nifulie lile shati la bluu, kola ikae sawa.

Kakakuona


Mjini, 3 Juni

Kaka,

Uko wapi?

Sina salamu leo, Mama atanisamehe. Shati lako la bluu nililipiga pasi nikaenda nalo ukumbini kwenye mfuko, nikijua utafika na vumbi la safari. Jina lako likaitwa. Likaitwa tena. Watu wakageuza shingo. Mama akanyanyuka akasema, "Nipisheni, mimi ndiye niliyemnyonyesha," ukumbi ukavunjika mbavu, akapanda jukwaani akapokea. Ni ubao wenye kakakuona wa shaba juu yake, amejikunja. Mwandishi mmoja wa gazeti akampiga picha akicheka na meno yake yote. Katibu akasema kwenye kipaza sauti kwamba walinzi wa kweli hawaachi lindo, ndiyo maana hukuja. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika mfuko wa shati, na mikono haikutaka kupiga.

Aliturudisha nyumbani kwa gari lake. Sikumwelekeza, na alikata kona zote bila kuuliza, kama mtu aliyepita hapa zaidi ya zile mara mbili. Njiani aliuliza mara mbili kama umetuandikia.

Leo amekuja tena. Anasema unaumwa homa kali, umechanganyikiwa, umekimbilia msituni na mnyama kwenye kapu, na wenzako wakikuita unazidi kuingia ndani. Anasema dawa ni moja. "Akisikia sauti ya mama yake atatoka." Jumamosi atakuja kutuchukua twende kukutafuta. Mama ameshafunga mzigo wake, na ule ubao ameuviringisha kwenye kanga katikati.

Homa. Neno hilo sikulipenda. Lakini kama ni kweli unaumwa nami nimekaa hapa nanyoosha shuka za watu, nitajitazama kwa macho gani? Ameacha tena lile koti nilifue kwa ajili ya safari. Niambie la kufanya, ingawa najua barua hii haitakuwahi.

Kitinda


Msituni, 29 Mei

Kitinda,

Naandika kwa haraka, nimeegemea kapu. Bi Mkubwa na mwanawe wamo ndani. Dereva wa gari la mahitaji ni rafiki wa Mrefu, ataificha barua hii ndani ya gunia la chumvi mpaka mjini, na haitapita mikononi mwa mtu wa kituo.

Barua yako ya tarehe 9 nimeipata leo asubuhi. Imefika imefunguliwa na kubandikwa tena. Nilipofika pale pa kitu kigumu chenye michirizi nikakaa chini. Ni gamba, dada yangu. Gamba la kakakuona aliyekomaa, na halitoki kwa aliye hai. Hayo ndiyo wanayouza. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na wewe umekifumua kwenye bitana kwa mkono wako, ukakifunga vizuri, ukamrudishia na pini. Sikulaumu. Ungekuwa dobi mwizi ungekuwa salama zaidi.

Sasa nimeielewa tuzo. Wanamtafuta anayejua wanyama walipo, wanampigia picha njia zake, wanamvisha shati jipya na kumwita mjini. Akiwa anapigiwa makofi, kituo kinafagiwa. Mrefu alielewa akiwa amesharudi. Aliripoti. Yule aliyeandika maelezo yake alikuja kesho yake ndani ya gari moja na Katibu. Ulitaka niseme wazi: Mrefu hakuhama. Alichukuliwa akiwa miguu mitupu, na mimi nilikuwa kitandani, nikajifanya nimelala. Ninaogopa, Kitinda.

Kesho gari likija halitanikuta. Tunakwenda upande wa mawe, huko mchwa wapo na njia hakuna. Nikifika ng'ambo kwa watu ninaowaamini, dereva anawajua, nitawaletea habari.

Jambo moja ulishike hata ukisahau mengine yote. Watasema naumwa. Watasema nimekufa. Watakuja na uso wa huruma na pipi. Usije, na Mama asije. Katibu anajua nilivyo, aliniona uso nilipoisikia ile sauti kwenye simu. Nikimsikia Mama ananiita msituni nitatoka. Hata nikijua ni mtego nitatoka. Sina la kufanya, ndivyo nilivyozaliwa.

Usimfungulie mlango.

Kakakuona


Mjini, Jumamosi, 7 Juni

Kakakuona wangu,

Shikamoo. Barua yako imefika sasa hivi. Dereva wa gari la mahitaji ameitia kwenye furushi la shuka chafu akapita bila kusimama, na vizuri alivyofanya, maana gari la Katibu liko mlangoni na injini inaunguruma.

Mama yumo ndani tayari. Amekaa kiti cha mbele, ubao mapajani, pipi mdomoni. Nilimwita ashuke akanijibu kwa mkono, twende. Nikimpigia kelele hapo nje Katibu ataelewa kwamba nimeelewa. Kwa hiyo nimemwambia Katibu nanyoosha kola ya koti lake, dakika chache tu, na nakuandikia juu ya meza ya pasi kama mtu anayepiga pasi.

Sikiliza nilichofanya. Ile bitana niliyoishona kwa mkono wangu, mshono haukuwa wangu tena. Nimeufumua, nimekuta magamba mengine matatu. Moja ni dogo, laini, halijakomaa. Natumaini si la mtoto wa Bi Mkubwa, kwa sababu unasema uko naye, nami nimeamua kukuamini. Nimejaza vipande vya karatasi mahali pake na kushona. Tangu nianze kazi hii sijawahi kubaki na kitu cha mteja. Leo nimebaki nacho. Yote matatu yamo kwenye bahasha ya fundi viatu, pamoja na barua yako, na anajua kuipeleka kwa yule mwandishi aliyempiga Mama picha. Hii ninayoandika atampa dereva wa mahitaji aifikishe kwa hao watu wako wa ng'ambo. Amechukua bila kuuliza swali.

Na meno ya Mama ninayo mimi. Aliyavua kwa ajili ya pipi akayaacha kikombeni, nikayatia mfuko wa aproni. Pipi ikiisha atajipapasa mdomo, na unamjua, hawezi kusafiri kibogoyo mbele ya watu. Atashuka mwenyewe, atakuja akifoka nimempotezea meno, na akivuka tu kizingiti nafunga mlango na tunatokea nyuma, katikati ya shuka zilizoanikwa. Ndiyo mpango. Nisingekuwa na hofu ningecheka.

Nimechungulia dirishani. Taya la Mama bado linazunguka. Zile pipi zake huwa haziishi upesi.

Leo Katibu amekuja na dereva, na sasa huyo dereva hayumo kwenye gari. Nimeangalia upande wa nyuma: kuna miguu imesimama chini ya shuka zangu, viatu vina soli nene, na wala haitembei.

Katibu anapiga honi. Nimeitikia kwamba namalizia kola.

Kaka, hata ukisikia nini, hata ukisikia sauti gani, jikunje hapo hapo ulipo. Kukuona si lazima.

Mlango wa gari umefunguka. Sijui ni Mama au